Shotikati za terminali zimegoma? Tafuta nani amekula kitufe njiani

Ukikaa kiti cha nyuma kabisa kwa matatu ya Rongai, nauli yako haifiki kwa makanga moja kwa moja. Unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka ifike mlangoni, na chenji ikikosa kurudi si lazima makanga awe ndiye mwizi, kuna mikono mitano hapo katikati. Vitufe vya kibodi ni hivyo tu. Ukibonyeza Ctrl+W ndani ya terminali, inapita kwanza kwa desktopu, halafu dirisha la terminali ama browsa, halafu tmux (programu inayoshika kazi yako iendelee hata koneksheni ikikatika) kama unaitumia, halafu ile sehemu ya kerneli (moyo wa mfumo) inaitwa tty, ndio mwishowe ifike kwa sheli, ile programu inayosoma komandi zako, yaani bash ama zsh. Mmoja wao akiishika, bash haijui hata kama ulibonyeza kitu.

Naandika hii kwa sababu kila baada ya miezi mitatu tunapata vijana wapya wa attachment ofisini na maswali ni yale yale, ati terminali imehengi, ati Alt haifanyi, ati historia imepotea, na mimi nimechoka kusimama nyuma ya kiti cha mtu na kikombe cha chai nikisema "hebu bonyeza Ctrl+Q". Nimepanga kulingana na kile unaona kwa skrini, na kila mahali naanza na sababu ile huwa mara nyingi, zile za ajabu ziko mwisho.

Kwanza kabisa: kujua kitufe kimefika ama kimeliwa

Bonyeza Ctrl+V, halafu kile kitufe kinakusumbua. Ctrl+V inaambia sheli "kitu kinachofuata kiandike tu vile kilivyo, usikifanyie kazi". Jaribu Ctrl+V halafu Ctrl+A, utaona ^A. Ukiona alama yoyote jua kitufe kimefika salama na shida iko kwa sheli yenyewe. Usipoona kitu, ama menyu ikafunguka, ama dirisha likajifunga, basi kimeliwa njiani na hakuna kitu utaandika kwa .bashrc (faili la setingi za bash) kitakusaidia. Kama kwako Ctrl+V inapesti (Windows Terminal inafanya hivyo), andika cat, piga Enter, halafu bonyeza kitufe chako uone kinaandika nini, ukimaliza toka na Ctrl+C. Ila kwa hii njia ya cat kumbuka kuna vitufe vichache tty inavichukua yenyewe, kwa hivyo usishangae Ctrl+S isipoandika kitu.

Orodha ya hivyo tty inakula utaipata na komandi hii:

stty -a

Tafuta pale katikati, utaona intr = ^C, susp = ^Z, stop = ^S, start = ^Q, eof = ^D, kill = ^U na wenzao. Na kujua bash inafanya nini na kitufe kilichofika, ni bind -P, kwa zsh ni bindkey. Ukiwa na hizo unaweza kutatua karibu kila kitu kiko hapa chini bila kuniuliza.

Skrini imeganda, naandika hakuna kitu kinaonekana

Hii ndio mama yao wote. Sababu ya kwanza, na ningeweka pesa ya lunch, ni kwamba umebonyeza Ctrl+S. Mkono umezoea kuseivu kila dakika mbili kwa sababu ya stima, na kwa terminali Ctrl+S haiseivu kitu, inasimamisha maandishi yasitoke. Ni desturi ya enzi za teleprinta, mashine kama Teletype Model 33 iliyokuwa inachapa herufi 10 kwa sekunde, ikizidiwa inatuma alama ya kusema "ngoja kwanza", na ikipata nafasi inatuma nyingine ya kusema "endelea". Hilo jina tty lenyewe limetoka hapo. Mashine zimeenda makavazi lakini alama zimebaki.

Dawa ni Ctrl+Q. Basi.

Lakini kabla ubonyeze, jiulize umeandika nini ukiwa na hasira. Vitu ulivyoandika wakati skrini imeganda havikupotea, vimepanga laini vinangoja. Kuna kijana wetu mmoja terminali iliganda hivyo, akaandika exit, Enter, hakuna kitu, akaandika tena, mara nne hivi, halafu akaniita. Nikafika nikabonyeza Ctrl+Q bila kuuliza, dirisha likapotea mbele ya macho yetu, na lile lililokuwa chini yake, na seva aliyokuwa ameingia. Exit zote zimefanya kazi kwa mpigo. Tulicheka lakini fikiria kama angekuwa ameandika reboot.

Kitu kingine, usikimbilie Ctrl+C. Kama kulikuwa na programu inaendelea, imesimama tu ikingoja ruhusa ya kuandika, na Ctrl+C itaiua wakati shida yake ilikuwa ni Ctrl+Q peke yake.

Kama hutaki kuona hii maneno tena, weka mstari huu kwa .bashrc ama .zshrc yako:

stty -ixon

Hapo tty inaacha kushika Ctrl+S, na kuna faida nyingine nitaisema kwa Ctrl+R.

Ctrl+Q ikikataa, sababu ya pili ni kwamba ulikuwa umeingia seva kwa ssh (njia ya kuingia mashine ya mbali) na laini imekufa. Hapa Nairobi hii ni kila siku, stima inaenda, rauta inazima, unawasha hotspoti ya simu, intaneti inarudi lakini terminali bado imekauka. Sababu ni kwamba anwani yako ya IP imebadilika, na ile koneksheni ya zamani haiwezi kukufuata kwa simu. Usifunge dirisha zima. Piga Enter, halafu ~ halafu nukta. Hivi vitatu kwa kufuatana, na lazima Enter itangulie, la sivyo ssh haitambui. Inakata koneksheni na kukurudisha kwa mashine yako. Ukitaka kuona vitu vingine ssh inaweza kufanya hivyo hivyo, ni Enter halafu ~ halafu alama ya kuuliza. Na kwa ~/.ssh/config ongeza ServerAliveInterval 60, inasaidia ssh ijue mapema kwamba upande wa pili umenyamaza.

Na kazi uliyokuwa unafanya kule? Kama ulianzisha ndani ya tmux, iko hai, ingia tena na uandike tmux attach. Kama hukuanzisha ndani ya tmux, pole. Mimi siku hizi sianzishi kitu chochote cha zaidi ya dakika 5 kwa seva bila tmux, hata ofisi iwe na jenereta.

Sababu ya tatu ni ya kuchekesha, hakuna kitu kimeganda, programu inangoja uandike paswadi na paswadi haionekani ukiandika. Ama umesahau kufunga alama ya nukuu kwa komandi na sheli inangoja umalize, utajua kwa sababu inakuonyesha > mwanzo wa mstari. Ctrl+C inakutoa. Na kwa paswadi ukijua umekosea katikati, Ctrl+U inafuta yote uanze upya, hakuna haja ya kubonyeza Backspace mara ishirini ukiomba Mungu.

Ya nne ndio mbaya. Ctrl+C haifanyi, Ctrl+\ haifanyi, umefungua terminali nyingine ukajaribu hata kill -9 na bado iko. Angalia ps aux, ile kolamu ya STAT, ukiona D maana yake programu inangoja diski ama faili za mtandao na kerneli haitaiachilia mpaka zijibu. Angalia dmesg | tail pia. Ukiona maneno ya I/O error, ACHA KILA KITU. Usiwashe upya seva ukidhani itajitibu, kuna diski zikizimwa zikiwa hivyo haziwaki tena. Pigia mwenye kusimamia hiyo seva, muulize bakapu ya mwisho ni ya lini, na wewe usiguse.

Alt+B inaleta herufi za ajabu, ama inafungua menyu

Alt+B inarudisha nyuma neno moja, Alt+F inaenda mbele neno moja, Alt+D inafuta neno la mbele. Ukishazizoea hutarudi kwa kubonyeza kishale mara thelathini. Lakini hizi za Alt ndizo huliwa sana njiani.

Kama uko kwa Mac na unaona ∫ ama ƒ, ni kwa sababu kitufe cha Option kazi yake ya kawaida ni kuandika herufi maalum. Kwa Terminal ya Mac ingia Settings, Profiles, Keyboard, uweke tiki kwa Use Option as Meta key. Kwa iTerm2 ni Profiles, Keys, na Left Option key uiweke Esc+. Weka ya kushoto peke yake, ya kulia iache, siku moja utahitaji hizo herufi.

Kama uko Ubuntu na Alt+F inafungua menyu ya File, dirisha la terminali ndilo limekula. Kwa GNOME Terminal ingia Preferences, General, uondoe tiki kwa Enable mnemonics.

Ndani ya VS Code ni VS Code yenyewe inakula, hata Ctrl+K na Ctrl+E mara nyingine. Kuna setingi inaitwa terminal.integrated.sendKeybindingsToShell, iwashe, na kwa Mac ongeza terminal.integrated.macOptionIsMeta.

Na kama uko kwa mashine ya wenyewe hutaki kugusa setingi za watu: bonyeza Esc, iachilie, halafu b. Ni kitu kimoja na Alt+B. Hii inafanya karibu kila mahali na ni watu wachache wanaijua.

Ctrl+kishale inaandika ;5D

Kitufe kimefika, ila bash haijui maana yake. Fungua faili ~/.inputrc (kama haiko itengeneze) uweke:

"\e[1;5D": backward-word
"\e[1;5C": forward-word

Funga terminali ufungue tena, ama ubonyeze Ctrl+X halafu Ctrl+R, hiyo inasoma .inputrc upya. Kama yako inaandika kitu tofauti, rudi kwa ile ya Ctrl+V, uone inatuma nini, na hiyo ^[ ya mwanzo uiandike \e. Ukiwa humo humo kwa .inputrc ongeza pia set completion-ignore-case on, Tab iache kukusumbua na herufi kubwa na ndogo.

Vishale vinaandika ^[[A badala ya kuleta komandi ya jana

Andika echo $0. Ikisema sh ama -sh, hapo ndipo shida iko, uko ndani ya sheli ndogo isiyo na mambo ya historia wala kuhariri mstari. Kwa Ubuntu na Debian hii hutokea sana mtu akitengenezwa akaunti na useradd bila kutajiwa sheli, anapewa /bin/sh, na hiyo ni dash. Kwa sasa andika tu bash uendelee na kazi, na dawa ya kudumu ni

chsh -s /bin/bash

Ndani ya kontena za Docker usijisumbue sana, zile ndogo kabisa hazina hata bash, komandi unayoitafuta haiko.

Kama echo $0 inasema bash lakini ni programu fulani ndani yake ndiyo inafanya hivyo, labda sio yenye kutumia readline, ile maktaba bash inatumia kuhariri mstari. Instoli rlwrap, halafu uanzishe programu yako ukitanguliza neno rlwrap, utapata vishale, Ctrl+R na kila kitu.

Ctrl+R haipati komandi na najua kabisa niliandika

Ctrl+R inatafuta nyuma kwa historia, unaandika kipande cha komandi inakuletea. Ukibonyeza tena inaenda ya zamani zaidi. Ukipita ile unayotaka, kurudi mbele ni Ctrl+S, na hapo ndipo watu wanagandisha skrini, ndio ile faida nilisema ya stty -ixon. Kutoka bila kufanya kitu ni Ctrl+G.

Sasa komandi kupotea. Sababu ya kawaida kwetu sisi ni stima. Bash haiandiki historia kwa faili kila ukipiga Enter, inaiweka kichwani mpaka ufunge terminali vizuri. Desktopu ya ofisi isiyo na UPS ikizimika saa tisa, kila kitu uliandika tangu asubuhi kimeenda. Weka hizi kwa .bashrc:

shopt -s histappend
PROMPT_COMMAND='history -a'
HISTSIZE=50000
HISTFILESIZE=100000

Ya kwanza inafanya terminali zako zisifutiane historia zikifungwa, ya pili inaandika kila komandi papo hapo. Bash isipoambiwa kitu inakumbuka komandi 500 tu, kwa Ubuntu .bashrc imeiweka 1000, na ukifanya kazi ya kweli hizo zinaisha haraka.

Sababu nyingine hutaiamini. Angalia HISTCONTROL yako (echo $HISTCONTROL), ndiyo inaamua komandi gani zihifadhiwe. Ikiwa ni ignoreboth ama ignorespace, komandi yoyote imeanza na nafasi haihifadhiwi. Ukikopi komandi kutoka kwa dokumenti na ikaja na nafasi moja mbele, imefanya kazi vizuri, matokeo umeyaona, lakini kwa historia haiko. Nilipoteza nusu saa nikitafuta komandi ya rsync hivyo, mpaka nikaanza kujishuku kama niliiandika ama niliota.

ONYO moja hapa na uliweke kichwani. Ukiwa kwa Ctrl+R, Enter inafanya komandi mara moja. Haikuulizi kwanza. Umeandika "rm" ukitafuta ile ya kufuta logi za jana, imekuletea rm -rf ya wiki iliyopita ya folda nyingine, na kidole kimeshateremka. Jizoeze kubonyeza Ctrl+E kabla ya Enter, hiyo inaleta komandi kwa mstari uisome, uhariri, halafu uamue. Na ukiwa root (mwenye ruhusa zote) kwa seva ya wateja, mimi naona afadhali uandike rm kwa mkono kila mara kuliko kuitoa kwa historia. Kama imeshafanyika na faili zimeenda, usiendelee kuandika vitu kwa hiyo diski ukijaribu kurekebisha, kila unachoandika kinaweza kukalia mahali pa zile faili. Simama, piga simu.

Ctrl+W imefunga browsa yangu

Ukitumia terminali ndani ya browsa, zile za wingu, Ctrl+W ni ya browsa na haitakupa nafasi. Tabu inaweza kurudi na Ctrl+Shift+T, kazi iliyokuwa ndani pengine ndio hivyo tena. Badala yake tumia Alt+Backspace, na kusema ukweli ni nzuri zaidi. Chukua mfano uko na

cp /var/www/html/index.php

Ctrl+W inafuta mpaka ikute nafasi, kwa hivyo njia yote inaenda, unabaki na cp. Alt+Backspace inafuta php peke yake, bonyeza tena inafuta index na ile nukta, tena inaondoa html na mkwaju uliofuata. Unarudi hatua kwa hatua kama kupanda ngazi kinyume.

Ukifuta zaidi ya ulichotaka, Ctrl+Y inarudisha. Hata ile umefuta na Ctrl+U ama Ctrl+K. Na hapo kwa Ctrl+U kuna kesi: kwa bash inafuta kutoka ulipo mpaka mwanzo wa mstari, kwa zsh inafuta mstari mzima. Mtu akihama kwenda Mac (kutoka 2019 sheli yake ya kawaida ni zsh) anadhani imeharibika. Ukitaka iwe kama ya bash, weka bindkey '^U' backward-kill-line kwa .zshrc.

Ctrl+A haiendi mwanzo wa mstari

Uko ndani ya screen, ile programu inayofanana na tmux? Basi Ctrl+A ni yake, bonyeza Ctrl+A halafu a. Uko ndani ya tmux? Hiyo yake ni Ctrl+B, kwa hivyo Ctrl+A ingefaa kufanya, isipokuwa kama umekopi setingi za mtu wa intaneti ambaye alibadilisha, na wengi hubadilisha.

Kama hauko ndani ya yoyote na unaona ^A imeandikwa kwa mstari, na ni zsh, nina hakika umeweka EDITOR=vim (yaani edita yako ya maandishi ni vim) kwa setingi zako. Zsh ikianza na kuona EDITOR ama VISUAL iko na "vi" ndani, inadhani unataka vitufe vya vi, na hapo Ctrl+A, Ctrl+R na wenzao wengi wanaacha kufanya kazi kwa mpigo. Ongeza bindkey -e kwa .zshrc. Kwa bash ni set -o emacs, lakini huko lazima uwe uliwasha vitufe vya vi wewe mwenyewe, ama aliyekuachia hiyo mashine.

Vim yangu imepotea

Haijapotea, umebonyeza Ctrl+Z ukidhani ni ya kurudisha makosa. Andika fg. Kama ziko kadhaa andika jobs uone nambari zake, halafu fg %2 ama ile unataka. Ukisahau na ufungue faili ile ile tena, vim itakuambia kuna swap file tayari, hapo usichague kuendelea kuhariri, toka, andika jobs kwanza. Kuna siku nilikuta mtu ako na vim tano zimelala kwa terminali moja, zote faili moja.

Na ukijaribu kutoka ukaona There are stopped jobs, usiandike exit ya pili kwa mazoea. Ya pili inatoka kweli, na vilivyolala vinakufa na mabadiliko ambayo hukuseivu.

Ctrl+D ikikutoa nje bila kutaka ni kwa sababu mstari ulikuwa mtupu. Weka IGNOREEOF=2 kwa .bashrc itakuvumilia mara mbili kwanza.

Komandi ndefu inajiandikia juu, kakistari kanaruka

Kale kakistari kanakowakawaka kanaonekana mahali na herufi zinaingia pengine. Karibu kila mara umepamba PS1 yako (yale maandishi ya mwanzo wa mstari kabla ya komandi) na rangi bila kuzifunga kwa \[ na \]. Bash inahesabu zile alama za rangi kama herufi za kawaida, kwa hivyo hesabu yake ya upana wa mstari ni ya uongo. Zifunge. Kama PS1 ni safi, labda umebadilisha ukubwa wa dirisha katikati, Ctrl+L inachora upya. Kama skrini nzima imegeuka kuwa alama za ajabu baada ya kusoma faili isiyo ya maandishi na cat, andika reset hata kama huoni unachoandika, piga Enter, ngoja kidogo.

Kwa mstari mrefu hivyo mimi siuhangaikii hapo, nabonyeza Ctrl+X halafu Ctrl+E, unafunguka ndani ya edita, nauandika vizuri, nikiseivu na kutoka unafanywa. Ukibadilisha mawazo futa kila kitu useivu faili tupu, kwa maana ukitoka tu bila kufuta, unafanywa vile vile.

Nikipesti inaanza kufanya kabla niisome

Bash za zamani hizo. Kutoka bash 5.1, iliyotoka Desemba 2020, kitu ulichopesti kinakaa kwa mstari kikingoja Enter yako. Kwa bash ya Mac hilo halipo, bado ni 3.2. Pesti kwanza kwa edita yoyote usome, hasa kama umekopi kwa mtu usiyemjua. Na kwa Linux kukopi ni Ctrl+Shift+C na kupesti ni Ctrl+Shift+V, ile ya kawaida usijaribu, Ctrl+C unajua inafanya nini.

Natafuta | na ~ hazitoki

Hii ni ya laptopu za ex-UK, na nusu ya watu najua wako nazo, zile za kununua tao. Kibodi imechorwa ya Uingereza lakini Linux ikaseti ya Marekani wakati wa kuinstoli kwa sababu ulipiga Enter tu mpaka mwisho. Jaribu Shift+2. Kwa kitufe kumechorwa " lakini inatoka @? Ndio hiyo. Komandi ya haraka, kama desktopu yako ni ya X11, ni

setxkbmap gb

na ya kudumu kwa Ubuntu ni sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration. Baada ya hapo | itatoka kwa kitufe kiko karibu na Shift ya kushoto, na ~ karibu na Enter, vile imechorwa. Utaihitaji hiyo ~ siku ssh itakauka.

Kama setingi ziko sawa na kitufe bado hakifanyi, washa upya uingie BIOS ujaribu huko, ama uchomeke kibodi ya USB. Ya USB ikifanya vizuri na ya laptopu ikakataa hata ndani ya BIOS, hiyo si mambo ya sheli tena. Ctrl ikiwa inajibonyeza yenyewe, utaona kila herufi inageuka kuwa amri, andika d tu na terminali inafungwa, usiendelee kuitumia ukiwa umeingia seva ya mtu. Na kama ni chai ilimwagika, zima sasa hivi, chomoa chaja, igeuze kichwa chini iwe kama hema juu ya meza, usiiweke juani wala kwa draya ya nywele, mpelekee fundi ikiwa imezimwa na umwambie ukweli kwamba ilikuwa na sukari.